Samaki au Mbegu? Mafuta ya Omega na Chakula cha Nyumba Zetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi, Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro)



Tumeombwa tuseme machache juu ya swali linaloulizwa sana siku hizi: mafuta yaitwayo omega, ambayo madaktari husema ni ya lazima kwa mwili, ni bora tuyapate kwa samaki au kwa mimea? Mjini swali hili huulizwa na mtu aliyesimama mbele ya duka lenye vyote viwili. Hapa Loliondo lina uzito mwingine. Sisi tuko mbali na bahari. Ziwa Natron lililo jirani ni la magadi makali, si ziwa la kuwalisha watu samaki kama Victoria. Na wengi miongoni mwa ndugu zetu Wamasai hawakulelewa kula samaki kamwe. Kwa hiyo yatupasa tulitazame jambo hili kwa makini, tusije tukamlaumu mtu kwa kukosa asichokuwa nacho, wala tusije tukamwambia mama mjamzito kwamba hana upungufu hali anao.

Kwanza tuelewe ni kitu gani kinachozungumzwa. Mwaka 1929 wanasayansi wawili wa Marekani, George Burr na mkewe Mildred, waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta hata kidogo. Panya wale walidumaa, ngozi zao zikaharibika na wakafa mapema. Ndipo ikajulikana kwamba yako mafuta ambayo mwili hauwezi kuyaunda wenyewe. Ni lazima yaingie kwa njia ya chakula. Mafuta hayo ni ya jamaa mbili, omega-6 na omega-3. Omega-6 hatuna shida nayo sana, kwa sababu imo kwa wingi katika alizeti, mahindi, ufuta na karanga. Iliyo adimu ni omega-3.

Nayo omega-3 ina aina tatu ambazo hatuna budi kuzijua kwa majina yake mafupi. Ya kwanza ni ALA, ambayo hupatikana katika mimea. Ya pili ni EPA na ya tatu ni DHA, na hizi mbili hupatikana hasa katika samaki. DHA ndiyo iliyojaa katika ubongo na katika sehemu ya jicho inayopokea nuru. Mtoto huihitaji zaidi katika miezi ya mwisho ya mimba na katika miaka yake miwili ya mwanzo, wakati ubongo wake unapokua kwa kasi.

Sasa, je, ALA ya mimea haiwezi kugeuzwa na mwili ikawa DHA? Yaweza, lakini kwa uchache. Sisi wafugaji tunaweza kulifahamu jambo hili upesi. ALA ni kama maziwa na DHA ni kama samli. Samli hutoka katika maziwa, hakuna anayebisha. Lakini mwenye kutaka kibuyu cha samli atahitaji maziwa mengi mno. Katika vipimo vilivyofanywa kwa watu wazima, ni sehemu chache tu katika kila 100 za ALA zilizogeuka kuwa EPA, na mara nyingi haikufika hata sehemu moja iliyogeuka kuwa DHA. Wanawake walio katika umri wa kuzaa hugeuza vizuri zaidi kuliko wanaume, na hiyo ni rehema kwa watoto. Aidha, mwaka 2012 wachunguzi wa urithi wa mwili walionesha kwamba watu wa asili ya Afrika kwa wingi wao wana urithi unaousaidia mwili kuyageuza mafuta haya vizuri zaidi kuliko watu wengi wa mabara mengine. Hata hivyo, kugeuza vizuri zaidi si kugeuza kwa wingi. Na kiwanda kile kile cha mwili kinachoigeuza omega-3 huigeuza omega-6 pia. Omega-6 ikizidi sana mlangoni, omega-3 husongwa ikabaki nje.

Hapa tusahihishe dhana moja iliyoenea. Wako wanaosema, "Mimi natumia mafuta ya alizeti, basi omega ninayo." Ni kweli anayo, lakini ni omega-6. Mafuta ya alizeti ya kawaida, pamoja na ubora wake mwingine, hayana omega-3 ya kuhesabika. Hali kadhalika mafuta ya ufuta, ya karanga na ya mawese. Katika mafuta ya kupikia yanayojulikana madukani, ya soya ndiyo yenye ALA ya kutajwa, nayo ni sehemu 7 hivi katika 100. Mbegu zilizojaliwa ALA nyingi hasa ni za kitani na za chia. Kijiko kimoja kikubwa cha mbegu za kitani zilizosagwa chatosha kukidhi haja ya ALA ya mtu mzima kwa siku, ambayo imekadiriwa kuwa gramu 1.6 kwa mwanamume na gramu 1.1 kwa mwanamke. Lakini mbegu za kitani zisiposagwa, nyingi hupita tumboni zikatoka kama zilivyoingia. Na mafuta yake hayafai kukaangia, kwa kuwa moto huyaharibu. Mboga za majani na maharage vina ALA pia, ingawa ni kidogo kidogo.

Basi tugeuke upande wa samaki, na tuchukue ushahidi kutoka nchi yetu wenyewe. Mwaka 1996 jarida la tiba liitwalo The Lancet lilichapisha uchunguzi wa Lugalawa, uliofanywa kusini mwa Tanzania, upande wa Ludewa. Wachunguzi waliwalinganisha watu zaidi ya 1,300 wa asili moja ya Kibantu. Baadhi yao walikaa ufukoni mwa Ziwa Nyasa wakila samaki kila siku, kiasi cha gramu 300 hadi 600. Wengine walikaa milimani wakila mazao ya shamba tu. Wale wa ziwani walikuwa na omega-3 nyingi zaidi katika damu, na shinikizo la damu lao lilikuwa chini. Katika kila watu 100 wa ziwani, wenye shinikizo la juu hawakufika 3. Milimani walikuwa 16 hivi. Tusiseme kwamba tofauti yote ile ilitokana na samaki peke yake, kwa maana maisha ya ufukoni na ya mlimani hayafanani kwa mengi. Vilevile samaki wale ni wengi mno kuliko atakavyoweza kununua mtu wa Loliondo. Lakini ushahidi huo si wa kupuuzwa, kwani haukuletwa kutoka ng'ambo. Ni wa ndugu zetu.

Pengine mtu atasema: mbona Wamasai hawali samaki, na mioyo yao ilisifiwa duniani kote? Neno hili lina ukweli wake. Mwaka 1964 daktari wa Marekani, George Mann, pamoja na wenzake walitoa taarifa ya kuwapima wanaume Wamasai wapatao 400 wa Tanganyika, waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama. Hawakuona dalili za ugonjwa wa moyo ila kwa uchache sana, na kolesteroli yao ilikuwa chini. Mwaka 1972 walichapisha uchunguzi wa mioyo 50 ya Wamasai waliokwisha kufariki. Safari hii walikuta mafuta yameganda katika mishipa, karibu sawa na kwa wazee wa Marekani. Lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikaendelea kupita. Mann alidhani upana huo ulitokana na mazoezi ya mwili, yaani kule kutembea mchana kutwa nyuma ya mifugo.

Kwa hiyo tusichukue sifa ya babu zetu tukaifanya kinga yetu. Babu alikunywa maziwa ya ng'ombe aliyekula majani mabichi, na maziwa ya namna hiyo yana omega-3 zaidi kuliko ya ng'ombe aliyelishwa nafaka, ingawa bado si nyingi. Akatembea mwendo mrefu kila siku. Leo ukame ukipunguza maziwa, nyumba nyingi hula ugali wa mahindi uliotiwa mafuta ya dukani, na vijana hupanda pikipiki. Jina la kabila ni lile lile, bali chakula na mwendo vimebadilika.

Lakini ushahidi unaotugusa zaidi unahusu mama na mtoto. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika jamii tatu za Tanzania: Wamasai wasiokula samaki, Wapare wanaokula mara mbili au tatu kwa juma, na watu wa Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, wanaokula mara nne au tano. Wachunguzi walipima DHA katika chembe nyekundu za damu ya mama na ya mtoto wake. Walikuta kwamba mama mwenye akiba ndogo humzaa mtoto mwenye DHA nyingi kuliko yake mwenyewe. Maana yake ni nini? Ni kwamba mwili wa mama humtanguliza mtoto, humpa hata kile kidogo alicho nacho. Mama mwenye akiba ya kutosha hahitaji kujinyima hivyo. Na baada ya kuzaa, DHA ya maziwa ya mama hufuata chakula cha mama: akila yenye DHA, maziwa yake huwa nayo, asipokula, hupungua.

Jambo hili, ndugu zetu, linatosha kutukalisha na kutufikirisha. Kina mama wetu wanatoa walichonacho bila kuulizwa. Je, sisi tunawarudishia nini katika sahani?

Wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na wa Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yao ya mwaka 2010, walipendekeza mama mjamzito na anayenyonyesha apate miligramu 300 za EPA na DHA kwa siku, na zisizopungua 200 ziwe za DHA. Mwaka 2018 wapitiaji wa tafiti wa jumuiya ya Cochrane walijumlisha majaribio mengi ya wajawazito, wakaona kwamba omega-3 ya samaki hupunguza kuzaa kabla ya wakati: kutoka wanawake 13 hivi katika 100 hadi 12, na kuzaa mapema mno, kabla ya majuma 34, kutoka 4.6 hadi 2.7. Kwa mama anayejifungua mbali na hospitali kubwa, mtoto aliyetimiza miezi yake ni neema isiyo na kipimo.

Hapa ndipo wauza vidonge hutokea. Vidonge vya mafuta ya samaki vinauzwa katika maduka ya mijini, na vinasifiwa kwamba huponya moyo, macho, viungo na usahaulifu. Loliondo inaijua habari ya tiba ya mara moja kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikuja Samunge kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, wapate kikombe kimoja cha dawa ya mugariga kwa shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki Julai 2021. Hatukuja hapa kuwahukumu waliokuja, mgonjwa hutafuta. Tunachosema ni kwamba chakula hakifanyi kazi kwa njia ya kikombe kimoja. Mafuta haya huingia katika mwili polepole, siku baada ya siku, na hutoka vivyo hivyo.

Na vidonge vimepimwa. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya jaribio la VITAL la Marekani, lililowahusisha watu 25,871 waliokunywa gramu moja ya mafuta ya samaki kwa siku, au kidonge kisicho na kitu, kwa muda wa miaka mitano hivi. Mapigo makubwa ya moyo na kiharusi, yakijumlishwa pamoja na vifo vya moyo, hayakupungua kwa kiasi cha kuaminika. Mwaka huo huo jaribio la ASCEND la Uingereza, kwa wagonjwa wa kisukari zaidi ya 15,000, lilitoa jibu la namna hiyo hiyo. Tena dozi kubwa za vidonge hivyo huongeza hatari ya moyo kupiga ovyo, na mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande hapaswi kuvianza bila daktari. Kwa hiyo kuuza mbuzi ili kununua chupa ya vidonge kwa ajili ya mzee mwenye afya ni hasara iliyo wazi.

Aidha, kwa Mwislamu liko swali la ganda la kidonge. Maganda laini hutengenezwa mara nyingi kwa jelatini, nayo yaweza kuwa ya nguruwe, ya ng'ombe au ya samaki. Asomaye kibandiko asiishie kusoma neno "samaki" lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya chupa. Ageuze asome ganda limetokana na nini. Yako pia mafuta ya DHA yanayotolewa katika mimea midogo sana ya majini isiyoonekana kwa macho. Kwa hakika samaki naye hupata DHA yake huko huko, kwa kula mimea hiyo au kwa kula viumbe walioila. Hivyo mtu asiyekula samaki anao mlango mwingine wa DHA, ingawa bei yake ni kubwa. Wala asidhani mwani unaolimwa Zanzibar ni mamoja na mafuta hayo. Mwani ule una mafuta kidogo mno.

Basi tuchague lipi? Rai yetu ni kwamba chaguo lisiwe moja kwa watu wote, bali lifuate haja ya mtu.

Kwa mtu mzima mwenye afya asiyependa samaki, mimea yaweza kumtosha, ilimradi achague mimea yenye omega-3 kweli: mafuta ya soya zamu kwa zamu na ya alizeti, mbegu za kitani au za chia zikipatikana kwa bei nafuu, mboga za majani kila siku. Asiache maziwa wala kutembea.

Kwa mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto aliyeanza kula, mimea peke yake haitoshi kutegemewa. Hapo tunashauri dagaa. Dagaa mkavu ni mwepesi, hahitaji barafu, aweza kusafirishwa kutoka Mwanza au Musoma hadi huku, na huuzwa kwa kipimo kidogo ambacho maskini anakimudu. Huliwa mzima pamoja na mifupa, hivyo huleta chokaa ya mifupa pia. Kwa kuwa ni samaki mdogo, hakusanyi zebaki kama samaki wakubwa. Dagaa aliyesagwa unga huingia katika uji wa mtoto bila kumkwama. Lakini tumnunue kwa uangalifu: aliyeanikwa juu ya chanja ni bora kuliko aliyeanikwa mchangani, na mwenye harufu kali na ladha chungu mafuta yake yamekwisha kuharibika. Tumhifadhi mahali pakavu, pasipo jua, wala tusimweke miezi mingi.

Na kwa nyumba ambayo samaki haingii kabisa, iko njia ya tatu ambayo haitajwi vitabuni mara kwa mara. Yai la kuku lina DHA, japo kidogo. Ubongo wa mbuzi na wa kondoo una DHA nyingi, kwa sababu ubongo wa kila mnyama umejengwa kwa mafuta hayo hayo. Mbuzi anapochinjwa kwa ajili ya mzazi, kama ilivyo desturi nzuri katika nyumba nyingi, sehemu hiyo ipikwe vizuri iive, na mzazi asisahauliwe wakati wa kugawa.

Sasa tuseme neno juu ya mila. Wako wanaowacheka Wamasai kwa kutokula samaki. Kicheko hakijamlisha mtoto hata mmoja. Mila hiyo ilikaa vizuri palipokuwa na maziwa tele, na mwenye kutaka ibadilike aanze kwa kuheshimu sababu zake. Samaki ni halali. Lakini uhalali wa chakula si amri ya kumlazimisha mtu akile. Tumweleze mama yale yaliyopimwa, tumwoneshe dagaa aliyesagwa, tumwachie yeye na mumewe na mama mkwe wake waamue. Wala wanaume wasijifanye kwamba hili ni la jikoni. Mwenye fedha ya mnadani ndiye anayeamua kama kopo la dagaa litarudi nyumbani au halitarudi.

Kwa kumalizia, tunawaomba wazazi mambo matatu. Kila nyumba yenye mjamzito au mtoto mchanga itafute chanzo kimoja cha DHA inachokikubali, iwe dagaa, yai au ubongo wa mbuzi, na ikitumie mara kwa mara, si mara moja. Fedha iliyokusudiwa vidonge vya mtu mwenye afya ihamishiwe katika chakula cha mama huyo. Na kila mama mjamzito ahudhurie kliniki, aulize kuhusu chakula chake, kwa kuwa omega si dawa ya upungufu wa damu, wala haishiki nafasi ya vidonge vya madini ya chuma anavyopewa huko.

Wabillahi taufiq. Wassalaam.